Bastola ya Sanga na kilo ya sukari

Sanga ni Mkinga wa kubuni, mhusika mkuu wa riwaya ninayoandika. Mwaka 1936 anatoka Iringa kufuatilia meno ya tembo yaliyoibwa, safari inamfikisha Bombay, Cairo hadi Istanbul. Sura nne zilienda vizuri. Bastola ndiyo ilinikwamisha.

Mwanzoni nilimpa Mauser C96 ya Kijerumani, kwa sababu moja tu: kwenye picha inapendeza. Nikampelekea mzee jirani yangu hapa Kihesa, askari mstaafu aliyewahi kutunza ghala la silaha.

"Kamwene, mzee."

"Kamwene." Akasoma kurasa mbili, akavua miwani. "Mwanangu, huyu bwana ananunua risasi duka gani?"

Nikanyamaza. Mauser ile hutumia risasi za milimita 7.63, na Sanga anapita zaidi kwenye nchi zilizoshikwa na Mwingereza. Nikarukia Browning ya 1935, yenye risasi 13 kwenye magazini. Mzee akacheka: ina mwaka mmoja tangu itoke, Mkinga kaipata kwa nani?

Ikabaki Webley Mk VI, rivolva ya maofisa wa Kiingereza tangu 1915. Ina risasi sita, na uzito wake unapita kilo. Nikafunga pakiti ya sukari ya kilo moja kiunoni, nikavaa koti, nikatembea kutoka Miyomboni mpaka nyumbani. Kufika, mkanda umeshuka, koti limelala upande, na muuza mahindi ameshaniuliza nimeficha nini. Sura ya kwanza ilikuwa na Sanga anayekimbia juu ya mapaa. Niliifuta jioni ileile.

Mzee hakuwa amemaliza. Bastola ilikuwa silaha ya ofisa, na maofisa walikuwa wazungu. Mwafrika wa enzi hizo ukimkuta na silaha, mara nyingi ni gobore. Swali la Sanga kaipataje lilinisumbua wiki nzima, na ndilo lililonipa hadithi yenyewe. Julai 1916 majeshi ya Northey, jenerali wa Kiingereza, yalipigana na Wajerumani Malangali, kabla ya kuingia Iringa mwezi uliofuata. Sanga nikamfanya mpagazi wa miaka 16 aliyeokota Webley kwenye majani, akaifukia chini ya jiko la mama yake.

Kwa hiyo hana kibali, na bila kibali hakuna duka litakalomuuzia. Anazo risasi tisa tu, zenye miaka ishirini, na mzee ana hakika baadhi zitagoma. Hapo nikafurahi kwamba ni rivolva: risasi ikigoma unavuta tena triga, silinda inazunguka, inakuja nyingine. Ya magazini ingemlazimu kuikoki upya kwa mkono wa pili, na Cairo mkono wa pili nimemning'iniza nao dirishani.

Sasa niko sura ya saba. Kila nikimpelekea mzee kurasa mpya, kabla hata ya kuitikia salamu anauliza zimebaki ngapi.