Miaka sabini, Mwalimu?

Juzi binti yangu karudi na kadi za mahafali za wenzake, karibu zote zina mstari uleule wa Yeremia 29:11, "nayajua mawazo ninayowawazia ninyi", akaniuliza mama, Mungu alikuwa anamwambia nani hapa? Nikamwambia wakimbizi. Akacheka, akadhani natania, si mnajua tena kwake mimi kila kitu ni kambi, kambi.

Lakini ndo hivyo. Ile sura ni barua. Yeremia kabaki Yerusalemu anawaandikia wale ambao Nebukadreza alishawabeba kwenda Babeli mwaka 597 kabla ya Kristo, pamoja na mfalme wao Yekonia na mafundi na wahunzi, maana yule mtu alikuwa anachagua wa kubeba. Mimi barua hiyo niliisomewa Nyarugusu, kambi yetu sisi wakimbizi wa Kongo huko Tanzania, mwaka 2006.

Mwaka ule habari ilikuwa uchaguzi wa Kongo, redio asubuhi redio jioni, na watu walikuwa wanapelekwa Kigoma wanapanda meli wanashuka Baraka, upande wa Kongo. Akatokea mhubiri mmoja kijana, na mdomo alikuwa nao, akasema Bwana amemwonyesha kwamba Krismasi mbili hazitapita kabla hatujawa kwetu sote. Watu waliruka. Baba yangu aliruka, na baba hakuwa mtu wa kuruka, yule alikuwa hataki hata mti upandwe pale nyumbani, anasema ukipanda mti umeshamwambia Mungu unakaa. Mwalimu, yule mzee wa Fizi aliyekuwa anatufundisha Biblia Jumatano, akasema "Amina!" kwa sauti kabisa, akakaa.

Jumatano iliyofuata ndo akafungua hiyo 29. Kanisa letu lilikuwa na turubai juu, jua likipiga linanuka plastiki hadi kichwa kinauma, mbele wamekaa akina mama maana wao ndo walikuwa wanakuja. Akasoma polepole, "Jengeni nyumba, mkakae ndani yake, kapandeni bustani, mkale matunda yake." Akasoma oeni, zaeni, waozeni watoto wenu nao wazae. Akasoma uombeeni amani mji huo mliopelekwa, hapo kuna mtu akaguna, kuombea Babeli tena. Halafu akafika mstari wa 10, miaka sabini, akafunga kitabu kidole kikiwa ndani.

Mama mmoja akauliza, "Sabini, Mwalimu?"

"Sabini, mama."

"Sasa mimi hapo?"

Hakumjibu. Alishuka akamwendea mwingine aliyekuwa na mtoto mgongoni, kalala, mdomo wazi, akamgusa kisigino akasema huyu. Huyu ndo atarudi, akiwa na mvi. Na mstari wa 11 ambao mnaupenda wote unakuja baada ya hapo, wanaambiwa watu ambao wengi wao watazikwa Babeli, na bado anawaambia ni mawazo ya amani. Mama wa yule mtoto akamvuta mwanawe akamleta mbele kifuani kama vile Mwalimu kamloga. Hakuna aliyesema amina. Nakumbuka mtu alianzisha wimbo ukafia njiani.

Baba alipopata habari alikasirika, akasema yule mzee nani kamtuma. Mama hakusema kitu, alipanda mwembe nyuma ya jiko. Nimekula sana maembe ya pale, na baba naye alikula.

Mengine mnayajua, uchaguzi ukapita, vita vikarudi, sisi tukaletwa huku Marekani.

Sasa baada ya swali la binti nikarudi nyuma sura moja, ya 28, ambayo kwenye kadi haipo. Kuna nabii anaitwa Hanania, anasimama hekaluni mbele ya makuhani na watu wote anasema miaka miwili tu, vyombo vya hekalu vitarudi, Yekonia atarudi, mateka wote watarudi. Na Yeremia, ambaye ana nira shingoni kuonyesha kwamba Babeli haijaisha, anaanza na nini? "Amina." BWANA na afanye hivyo! Ndo baadaye anampinga. Yaani naye alikuwa anatamani iwe kweli, alikuwa haoni raha kuwa mwenye habari mbaya. Nikasema ah, kumbe ile amina ya Mwalimu ilitoka huku.

Nikampigia mdogo wangu, yule wa Baraka aliyerudi na meli akakimbia tena akarudi tena, nikamweleza yote kwa furaha. Akanisikiliza, akasema dada usimfanye mzee wa watu kuwa nabii, Mwalimu mwenyewe alikuwa amejiandikisha kwenye meli, nililiona jina lake ubaoni.

Nikamuuliza alijiandikisha kabla ya ile Jumatano au baada. Hakumbuki.