Kumbe mnakosea tangu zamani

Lile jibu bado linanikereketa. Shindano la wanafunzi la kunadi mawazo ya biashara limekwisha, funguo za ukumbi zimerudi, mkuu wa idara kahamishwa, shemeji kajifungua salama (wa kike, asanteni kwa salamu), na mimi ningali mlangoni na yule binti wa daftari.

Mnamkumbuka, nilimwandika wakati wa mchujo. Wenzake walikuja na slaidi, yeye daftari. Mauzo yamepangwa kwa rula, wadeni wamezungushiwa wino mwekundu, waliolipa wamekatwa. Jukwaani dakika zake tano zilimwishia akiwa bado anaeleza gharama ya kutengeneza kitu kimoja tu. Kengele ikalia, akanyamaza katikati ya sentensi. Aliyeshinda alikuwa na ulimi mtamu na soko la "kila mwenye simu", na hakuna jaji aliyemuuliza mpaka sasa kamuuzia nani.

Nikamfuata binti ili nimpoze. Nikamsimulia habari za Akamai, kampuni ya Marekani inayoharakisha kurasa za intaneti: mwaka 1998 waliingia fainali ya shindano la biashara la chuo cha MIT, hawakushinda, na mwaka uliofuata tu hisa zao zikaanza kuuzwa kwenye soko la hisa la Nasdaq. Hii ndiyo dawa yangu ya kila mwaka kwa walioshindwa. Huwa wanatabasamu, wanakwenda zao. Yeye akawaza kidogo.

"Kwa hiyo mwalimu, kumbe mnakosea tangu zamani."

"Hapana, nilichotaka kusema ni..."

"Nimeelewa, mwalimu. Asante."

Hiyo asante! Nikifua nguo namjibu hivi, nikiwa kwenye foleni namjibu vile. Kwamba jaji hupima anachokiona kwa dakika tano, hana njia ya kuingia dukani mwa mtu. Kwamba kunadi wazo nako ni kazi, kwani mwenye mtaji hatasubiri umalize kurasa zote. Majibu mazuri kabisa, ila kila nikiifungua fomu ya alama yananywea: uwasilishaji 30, hesabu 15. Mwaka jana nilipendekeza tuzigeuze, kamati ikasema wanafunzi wataogopa hesabu. Huyu mbona hakuziogopa?

Halafu jana usiku nikacheka peke yangu. Nilikumbuka kwamba nilipokuwa nakunja waya za vipaza sauti, binti alikuwa amekaa na jaji mmoja, yule mkali, daftari liko mapajani mwa jaji, miwani kaipandisha kwenye paji la uso. Binti ndiye aliyekuwa akiuliza maswali! "Ungekuwa wewe, huyu ungemkopesha tena?" Jaji akafunua ukurasa wa nyuma kwanza, kuangalia kama aliwahi kulipa. Hapakuwa na kengele.

Basi sentensi yake nimeiandika juu kabisa ya ajenda ya kikao cha tathmini, kwa herufi kubwa. Mwenyekiti aisome mwenyewe kwa sauti, mimi nitakuwa naandika kumbukumbu.

Na ya nyumbani: mzee wangu hapokei simu tangu asubuhi. Pengine ameizima mlio tena, mnamjua. Lakini leo ndiyo alikuwa anakwenda kupimwa macho, na aling'ang'ania kwenda peke yake.