Python ilinipa 50003000 badala ya 8000

Nipo Moshi, najifunza Python, lugha ya kuandikia programu za kompyuta, usiku nikishafunga genge. Programu yangu ya kwanza ilikuwa ya kujumlisha mauzo ya ndizi: naingiza 5000 ya asubuhi, 3000 ya jioni, inaniletea 50003000. Ningekuwa tajiri!

Nikaifuta Python nikaiweka upya. Wapi. Nikabadilisha majina ya vigeu (yale majina yanayobeba thamani, kama asubuhi na jioni), yaleyale.

Kilichonifungua macho ni mstari mmoja unaouliza asubuhi ni kitu cha aina gani: print(type(asubuhi)). Jibu likawa na neno str, yaani maandishi. Kumbe input(), amri inayopokea unachoandika, hurudisha maandishi siku zote, hata ukibonyeza tarakimu tupu, na alama ya + kwenye maandishi huyaunganisha tu, kama kubandika karatasi mbili. Nikaongeza int, inayogeuza maandishi kuwa namba kamili:

asubuhi = int(input("Asubuhi: "))

Na jioni vivyo hivyo. Ikatoka 8000.

Ila hesabu mabano ya mwisho, ni mawili. Nilisahau moja nikapoteza nusu saa, maana toleo langu la zamani lilionyesha kosa kwenye mstari wa chini yake, ambao haukuwa na tatizo lolote. Na ukiwa na nukta, mfano 2500.50, int itagoma, weka float, ya namba zenye nukta.