Waya Uliosahaulika Ukutani Ndio Uliofikisha Intaneti Uani

Nyumba yetu ya Kimara imejengwa kwa tofali za saruji, na chumba ninachofanyia kazi zangu za uhasibu kiko uani, mita 25 hivi kutoka sebuleni unakoingilia waya wa faiba. Kati ya rauta, yaani kifaa kinachogawa intaneti nyumbani, na meza yangu pana kuta tatu na tangi la maji la lita 2,000. Kwa miaka miwili nilikuwa nikibeba kompyuta hadi barazani kila nilipotaka kutuma ritani ya mteja, na masika yalipoingia nilisubiri kwanza mvua ikatike.

Ushauri wa kwanza niliupata Kariakoo, kwa muuzaji aliyeniambia, "Mama, chukua ripita, chomeka kwenye soketi, kazi imekwisha." Ripita ni kifaa kinachopokea mawimbi ya rauta na kuyarusha mbele. Nilitoa shilingi 60,000 na ushei, nikaichomeka kwenye korido, na simu yangu ikaonyesha mawimbi yamejaa hadi mstari wa mwisho. Nilifurahi kwa muda wa dakika kumi. Kifurushi chetu ni cha Mbps 20, yaani megabiti 20 kwa sekunde, na sebuleni nilikuwa nikizipata zote. Uani zilifika 3, siku nyingine 2, na mkutano wa video ulikatika katikati ya sentensi. Ilinichukua wiki nzima kuelewa kwamba ile mistari ya mawimbi inaeleza hali kati ya simu na ripita tu, wala haisemi lolote kuhusu hali kati ya ripita na rauta. Isitoshe, ripita ya bei ile ina redio moja inayosikiliza na kusema kwa zamu kwenye chaneli ileile ya mawimbi, kwa hiyo kasi hupungua karibu nusu hata pale inapopokea vizuri, na yangu ilikuwa ikipokea mabaki yaliyopenya ukuta. Ninasikitika kwamba watu wanaendelea kuuziwa kifaa hiki bila kuulizwa nyumba yao imejengwaje.

Ndipo nilipokumbuka nyaya za kamera. Tulipokuwa tunajenga, nilimwagiza fundi umeme azike mabomba na kupitisha nyaya za mtandao za Cat5e kutoka sebuleni hadi getini na hadi uani. Kamera hazikununuliwa, na ncha za nyaya zilibaki zimekunjwa nyuma ya vifuniko vyeupe vya ukutani. Nilimwita fundi wa mtandao, akabana vichwa vya RJ45, vile vya plastiki vinavyoingia kwenye rauta, akachomeka, taa ya rauta haikuwaka, akasema, "Dada, huu umekufa. Tupasue sakafu tupitishe mwingine." Gharama aliyoitaja ilizidi ada ya muhula mzima ya mwanangu, nami nikamshukuru, nikamlipa nauli yake.

Nilinunua kipima waya na koleo la kubania vichwa, vyote pamoja kama shilingi 35,000 kama sikosei. Ndani ya waya mna nyuzi nane zilizosokotwa mbili mbili, yaani jozi nne, na kipima kina taa nane, moja kwa kila uzi, zinazowaka moja baada ya nyingine, na jioni ile niliketi sakafuni nikizitazama: 1 ikawaka, 2 ikawaka, 3 ikabaki giza, 4 na 5 zikawaka, 6 giza, 7 na 8 zikawaka. Nilirudia mara nne. Kwa mpangilio wa rangi unaotumiwa na mafundi wengi, nafasi ya 3 na ya 6 ni za jozi ya kijani. Waya haukuwa umekufa, bali ulikuwa umekatika jozi moja tu kati ya nne, pengine siku tulipotoboa ukuta kufunga bomba la pazia.

Sasa, mtandao wa kasi ya Mbps 100 unatumia jozi mbili tu, ile ya nafasi 1 na 2 na ile ya 3 na 6. Ni kasi ya Mbps 1,000 inayodai jozi zote nne. Nilikata vichwa vyote viwili, nikaiweka jozi ya bluu mahali pa kijani, nyeupe-bluu kwenye 3 na bluu kwenye 6, kwa namna ileile pande zote mbili, na nyuzi za kijani nikazipeleka kwenye nafasi za 4 na 5 zisizo na kazi. Taa ya rauta ilipowaka nilimwita mume wangu aje aione.

Uani niliweka rauta ya zamani iliyokuwa kabatini. Mara ya kwanza nilichomeka waya kwenye tundu la WAN, lile la kupokelea intaneti kutoka nje, intaneti ikapatikana, lakini printa ya sebuleni haikuonekana kabisa, kwa sababu nilikuwa nimetengeneza mtandao wa pili ndani ya ule wa kwanza. Nilihamishia waya kwenye tundu la LAN, lile la vifaa vya ndani, nikazima DHCP, yaani huduma inayovipa vifaa anwani za mtandao, ili anwani zigawiwe na rauta kuu peke yake, na anwani ya rauta ya uani nikaifanya 192.168.1.2. Jina na nywila ni zilezile za sebuleni, ila chaneli ni tofauti, 1 kule na 11 huku, na simu huhama yenyewe ninapovuka uwanja. Radi zikianza huchomoa waya pande zote mbili, maana umepita ardhini kati ya majengo mawili.

Meza yangu sasa inapata Mbps 20 kamili. Kwenye kila ncha ya waya nimezungushia plasta na kuandika kwa kalamu ya wino mzito: "3 na 6 ni BLUU, usibadilishe", kwa sababu fundi yeyote atakayekuja na kubana upya kwa mpangilio wa kawaida atauzima, kisha ataniambia tupasue sakafu.