Mkoba Uliorudi, Mwavuli Uliokwenda

Nilikwenda Japani mwezi Juni, katika majira ya mvua ambayo wenyewe huyaita tsuyu, kwa mafunzo ya walimu ya siku kumi. Siku tisa kati ya hizo sina la kuzisimulia, kwa sababu darasa ni darasa popote, na chumba nilichopangiwa kilikuwa chembamba kiasi kwamba kila nilipotaka kufungua sanduku ilinibidi kwanza nipande kitandani. Ninalotaka kusimulia ni la alasiri moja ya Jumapili katika bustani ya Ueno, mjini Tokyo, nilipousahau mkoba wangu kwenye benchi kando ya bwawa la Shinobazu.

Ndani ya mkoba ule mlikuwa na pasipoti, ambayo mgeni anatakiwa kisheria kutembea nayo wakati wote, kadi ya benki, miwani ya kusomea na kiasi cha yeni 83,000. Kwa bei niliyobadilishia, hizo zilikaribia shilingi milioni moja na laki nne. Niligundua nikiwa mbele ya lango la stesheni, mkono ukipapasa ubavuni ambako mkoba ulipaswa kuwapo, na nakiri kwamba wazo la kwanza lililonijia halikuwa kurudi bustanini bali kuhesabu ni watu wangapi ningeweza kuwakopa nauli.

Nilirudi mbio. Kwenye benchi alikuwa amekaa mzee mmoja, mwavuli umesimama kati ya magoti yake. Aliponiona nainama kuchungulia uvunguni hakuniuliza kitu, wala hakuonyesha mshangao. Alinyoosha tu mkono kuelekea upande wa barabara, kwenye kituo kidogo cha polisi ambacho Wajapani hukiita koban.

Kwetu Tanga mtu akipotelewa hupaza sauti. Hana hasira, anataka watu wajue. Mama ntilie atauliza, konda atauliza, vijana wa bodaboda watapigiana simu, na kabla ya saa moja kupita mtaa mzima utakuwa unajua rangi ya mkoba, jina la mwenyewe na ukoo wake. Ukipatikana, umepatikana kwa sababu umejulikana ni wa nani. Pale Ueno hakuna aliyenijua, na mimi mwenyewe nilikuwa nimemaliza wiki nzima nikipanda treni ya Yamanote, mabega yamebanana na ya watu wasiopeana hata salamu. Nilikwishaamua kwamba watu wasiosalimiana hawawezi kutunziana mali.

Askari wa koban alikuwa kijana, na mazungumzo yetu yalipita kwa mkalimani wa kwenye simu. Alitaka kujua mkoba ni wa rangi gani, una zipu ngapi, noti za elfu kumi zilikuwa ngapi, sarafu ngapi. Kuhusu sarafu nilijibu kwa kukisia. Akaandika yote bila haraka, akaingia chumba cha ndani, akatoka na mkoba wangu ndani ya mfuko wa plastiki wenye karatasi iliyojazwa maandishi pande zote. Tulihesabu pamoja, sarafu kwa sarafu, akizipanga mezani kwa safu. Zilikuwa yeni 83,246. Zile 246 sikujua hata kama ninazo.

Kisha akanitaka nithibitishe kupokea. Nilitia saini, lakini kwa kuwa sikuwa na muhuri wa jina kama walio nao wenyeji, akanisogezea kidau cha wino ili nichovye kidole cha shahada. Mimi ni mwalimu wa miaka kumi na saba. Kwetu wanaoweka alama ya kidole ni wasiojua kuandika, na nilifanya kazi ya kuwapunguza. Nilichovya.

Nilipouliza ni nani aliyeuleta, kijana yule alinieleza sheria. Kwa mujibu wa sheria yao ya mali iliyopotea, aliyeokota anaweza kudai kwa mwenye mali kati ya asilimia 5 na 20 ya thamani yake, na mwenyewe asipojitokeza katika miezi mitatu, fedha huwa za mwokotaji. Huyu wangu alikuwa ametia alama mahali pa kuiacha haki hiyo, na tena mahali pa kukataa jina lake lisitajwe kwangu.

Wenzangu wengi wakirudi kutoka Japani husema kwamba Wajapani ni waaminifu, basi, kana kwamba uaminifu ni maji ya kisima chao pekee. Sikubaliani nao. Ujerumani nayo, nilikowahi kuishi miaka miwili, ina sheria ya kumtuza mwokotaji, na simu yangu iliyopotea kule haikuonekana tena. Nadhani tofauti iko katika ufupi wa njia. Tokyo koban iko karibu kila mtaa, mtoto wa shule akileta sarafu ya yeni 10 huandikiwa kama mtu mzima, na hakuna anayemtazama kwa jicho baya. Kwetu anayeokota pochi anajua kwamba akiipeleka kituoni swali la kwanza litakuwa aliipataje, na la pili litakuwa zilizobaki ziko wapi. Kwa hiyo mwema wa kwetu huizunguka ofisi. Humtafuta mwenyewe kwa mdomo, mtu hadi mtu, na akimpata hupewa soda, husifiwa, na kuanzia siku hiyo ni ndugu.

Hilo la undugu ndilo lililonikosesha raha. Nilidhani askari hajanielewa, nikaenda kununua zawadi nimrudishie aifikishe. Katika duka kubwa nililiona embe moja kutoka Miyazaki, limelazwa ndani ya boksi kama kito, yeni 6,480. Nilisimama mbele yake muda mrefu. Mimi nimekulia nyumba ambayo mwezi wa kumi na mbili maembe hutuangukia batini usiku mpaka tunayalaani. Nikachukua boksi la vitamutamu vya unga wa mchele na maharage mekundu, yeni 2,160, ambayo nayo si bei ya kumtajia mke.

Nilipotoka, mwavuli wangu haukuwapo. Niliununua kwa yeni 700 siku ya kwanza, ule wa plastiki inayopenya mwanga, na nilikuwa nimeuacha mlangoni katika kichanja cha miavuli kama walivyofanya wengine wote. Mvua ilikuwa kubwa. Katika nchi ambayo fedha zangu zililala salama mezani kwa askari, mtu alikuwa ametoka dukani, ameangalia mbingu, amechagua mwavuli wangu na kwenda zake.

Nilirudi koban nimelowa. Kijana aliinama mara tatu akikataa boksi: yeye ni mtumishi wa serikali, hapokei, na aliyeokota hataki kutafutwa. Nilipomweleza habari ya mwavuli, kwa mara ya kwanza alitabasamu, kisha akavuta fomu nyingine na kuanza kuniuliza rangi ya mpini. Nilimwomba aache.

Vitamutamu nilivila hotelini peke yangu, juu ya kitanda, kwa kuwa hapakuwa na mahali pengine pa kukaa. Vilikuwa 12, kila kimoja kimefungwa kwa karatasi yake, na kila nilipokifungua nilihisi nakula deni la mtu.

Usiku nilimpigia mama simu Tanga. Alisikiliza kisa chote kimya, hata pale pa mwavuli hakucheka, kisha akauliza aliyeniokotea anaitwa nani ili amwombee dua kwa jina lake.

"Sijui, mama. Amekataa kujitaja."

"Mwanamume au mwanamke?"

"Hata hilo sijui."

Alinyamaza kidogo. "Basi nitajie mtaa."

Nikamwambia Ueno. Akaurudia mara mbili, polepole, ili ulimi uuzoee.