Kopo la visheti

Alhamisi usiku. Nasra kalala, Baba Nasra yuko Dodoma tena, nami nimejikunyata jikoni natafuna visheti. Vitamu, vimekolea hiliki, na kila nikimeza kimoja namsikia aliyevipika akiniuliza lile swali.

Mheshimiwa, yule mwanasiasa tuliyekuwa tunamtetea, ameachiwa. Mmeona kwenye taarifa ya habari, sina haja ya kurudia. Mwaka mmoja na miezi miwili rumande, halafu Jumatatu wakili wa Jamhuri kasimama, kasema hawana nia ya kuendelea na shauri, Jaji kaandika mistari miwili, tukainama, basi. Mzee Makabrasha, bosi wangu, walimbeba juujuu mpaka joho likafumuka kwapani, na humohumo kwenye vurugu akanipigia kelele sikioni kwamba kuanzia Julai jina langu linapanda kwenye kibao cha ofisi. Miaka tisa nimekisubiri kibao kile. Nikamwambia asante mzee, nikaenda kutafuta maji ya kunywa.

Ndipo nikakutana na mama yake mheshimiwa, kakaa peke yake kwenye benchi chini ya mwarobaini, pale wanapouza karanga. Muda wote wa kesi mwanawe alikuwa amekataza asiletwe mahakamani. Siku ile hakumwuliza mtu, kaja kwa bajaji. Khanga kajitanda, kopo la aiskrimu kalipakata.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Wewe ndiye wakili?"

"Mmoja wao, mama. Tuko sita."

"Umeshinda?"

"Ameachiwa, mama. Jamhuri wameondoa shauri."

"Hilo nimelisikia. Nakuuliza wewe, umeshinda?"

Hapo nilicheka. Kicheko kile cha mtoto aliyeulizwa sukari imekwenda wapi. "Tumshukuru Mungu, mama."

"Mungu namshukuru kila siku. Kwa hiyo hukushinda. Wameacha wenyewe."

Akanikabidhi kopo. "Vyako na wenzio. Kopo langu unirudishie."

Tangu Jumatatu nimemjibu yule bibi mara zisizo na idadi. Nimemjibu bafuni, nimemjibu kwenye foleni ya Ubungo, juzi nimemjibu kwa sauti mpaka Nasra akaniuliza naongea na nani. Kuna jibu la kisheria, refu, lenye vifungu. Kuna jibu la unyenyekevu. Kuna na moja la kiburi ambalo siliandiki hapa kwa sababu dada zangu wanasoma.

Kuulizwa "unamteteaje mtu kama yule" hakuniumi tena. Nimeulizwa saluni, nimeulizwa msibani, nimeulizwa na mchungaji mbele ya waumini. Jibu langu mnalijua: Katiba yetu, ibara ya 13(6)(b), inakataza mtu kutendewa kama mwenye kosa kabla hatia yake haijathibitika, na haikuandika "isipokuwa wanasiasa". Watu wakishasikia namba ya ibara huwa wanarudi kwenye pilau yao. Lakini "umeshinda?" sikuwa nimejiandaa nalo. Ni swali ambalo wakili yeyote wa mtaani, mwenye kesi ya kuku na mipaka ya shamba, hulijibu kwa neno moja.

Niwaambie kinachouma hasa, maana posti iliyopita niliandika kwa mafumbo kuhusu "swali langu" na wengine mkadhani nimeposwa tena. Katika kesi nzima Mzee Makabrasha aliniachia shahidi mmoja tu. Ilikuwa kwenye kesi ndogo ndani ya kesi kubwa, tukipinga maelezo ya onyo, yale polisi waliyoyaandika walipomhoji mheshimiwa, yasipokelewe kuwa kielelezo. Sheria inawapa polisi saa nne za kumhoji mtu tangu wamtie mkononi, na wakitaka zaidi wana utaratibu wa kuongezewa. Maelezo yalionyesha yameanza kuandikwa saa 1400. Kitabu cha mahabusu kilionyesha mheshimiwa kaingizwa "2:00". Shahidi akasema kwa kujiamini kabisa: ni muda uleule, saa nane mchana, tulimpokea tukaanza.

Usiku kabla ya hapo nilikuwa nimekaa na nakala ya ukurasa ule mpaka macho yakawaka. Mstari wa chini yake kulikuwa na kijana mwingine, kaingizwa 3:15, katolewa 3:40 kupelekwa mahakamani. Asubuhi nikasimama.

"Shahidi, huyu wa mstari unaofuata alipelekwa mahakamani saa tisa na dakika arobaini alasiri?"

"Hapana. Asubuhi."

"Saa tatu na dakika arobaini asubuhi?"

"Ndiyo."

"Kwa hiyo kitabu hiki kinasoma saa za Kiswahili au za Kizungu?"

Kalamu ya Jaji ilisimama. Karani akakohoa. Shahidi akatazama dari, akatazama kitabu, akaomba maji. Maana kama ukurasa ni wa saa za Kiswahili, basi 2:00 ni saa mbili asubuhi, na kutoka hapo hadi saa nane mchana ni saa sita, si nne. Sijawahi kufurahi hivyo nikiwa nimevaa joho. Nilikaa chini magoti yanacheza.

Uamuzi mdogo wa pingamizi lile ulikuwa usomwe Jumatatu. Jumatatu hiihii. Jaji alikuja nao, niliuona, karatasi kama ishirini zimebanwa kwa pini. Kisha Jamhuri wakasimama, na zile karatasi zikarudi ndani na mwenyewe. Sitajua kamwe kama swali langu lilipenya au lilikuwa maonyesho tu. Watu wanacheza ngoma nje, mimi nalilia karatasi ishirini. Nimewaambia siku zote kwamba mimi si mtu mzuri.

Jumanne tulikuwa tunapanga majalada kwenye maboksi, nikamsimulia Mzee Makabrasha yale ya chini ya mwarobaini nikitegemea atanifariji. Mnamjua, hafariji, anahadithia. Akaanza na Pritt. Kwa mzee, mambo yote huanza na D. N. Pritt, yule wakili mwenye cheo cha Queen's Counsel kutoka London aliyekuja kumtetea Jomo Kenyatta na wenzake watano kule Kapenguria, Desemba 1952. Serikali ilichagua Kapenguria kwa kuwa ni mbali, na mawakili wakawa wanalala Kitale, wanakwenda na kurudi. Nigeria ilimtoa wakili, India ikamtoa wakili, na hapo mzee huvuta kiti mbele, "na Moshi ikamtoa wakili!" Ni Dudley Thompson, Mjamaika aliyekuwa akifanya uwakili Moshi. Mzee ni wa Kibosho, hukohuko Moshi, kwa hiyo ile kesi kwake ni ya ukoo.

"Na Pritt alishinda?" nikamwuliza, ingawa jibu nalijua.

"Alishindwa vibaya. Aprili 8, 1953, Jaji Thacker akawapa miaka saba na kazi ngumu. Baada ya miaka mitano shahidi Rawson Macharia akaapa kwamba alihongwa aseme uongo. Imsaidie nini Pritt? Achieng Oneko ndiye aliyeshinda rufaa, na wakamweka kizuizini vilevile. Kenyatta kamaliza kifungo mwaka 1959, wakamzuia Lodwar. Sasa wewe unalilia karatasi."

Akaendelea, kwa sababu hajui kuacha. Mwaka 1958 Pritt akaja Dar es Salaam kumtetea Mwalimu, aliyeshtakiwa kwa kuwakashifu wakuu wa wilaya wawili katika Sauti ya TANU. Alikuwa na mawakili wenzake Rattansey na Jhaveri. Kashindwa tena. Mwalimu akatozwa shilingi 3,000 au jela miezi sita.

Hapo nikaacha kufunga boksi.

Ile elfu tatu nilikuwa nimeisikia Jumatatu. Yule bibi aliitaja. Nimewasimulia mazungumzo yetu kama yaliishia kwenye kopo kwa sababu mimi kichwani mwangu yaliishia pale, nilishaumia, masikio yalishaziba. Lakini alipokuwa anapanda bajaji, mguu mmoja ndani, alisema jambo jingine, nikaitikia "ndiyo mama" kama mtu anayeitikia redio.

Alisema: "Mwalimu walimtoza elfu tatu, akalipa, yakaisha. Haya ya mwanangu yanaisha lini?"

Na mimi nikasema ndiyo mama.

Yule bibi hakuwa na habari na umahiri wangu. Anajua, pengine kaelezwa na mtu, au kaishi miaka ya kutosha, kwamba kuachiwa kwa namna ile si kuonekana huna hatia. Anaweza kufunguliwa tena mashtaka yaleyale. Nimewahi kuona mtu akiachiwa ndani na kukamatwa kwenye ngazi, hata viatu hajafunga kamba. Alichokuwa anauliza ni kama alale au asilale. Angekutana na wakili aliyeshindwa, angalau angeambiwa ni miaka mingapi, angehesabu.

Sikumpa hata hilo. Nilimpa Mungu, ambaye anaye tayari.

Jana nilipiga simu kwa mheshimiwa kuomba namba ya mama yake. Akacheka, akaniuliza kama bibi amenikorofisha. Kasema mama hapendi simu, niende Tanga mwenyewe nikamwamkie. Basi nitakwenda Jumamosi ya wiki ijayo na kopo lake, nimeshalisugua kwa majivu mpaka harufu ya hiliki ikaisha, na bado sijui nitamwambia nini akiniuliza tena. Sheria ninayo. Ni kuiweka kwenye lugha ya benchi la mwarobaini.

Kopo haliendi tupu, hilo hata mimi nimefundwa. Nilikuwa nimepanga kumpelekea mayai ya kienyeji, trei nzima. Ila tangu juzi kuku wangu wamepunguza kutaga, jana yai moja, leo hakuna. Yule mweusi, Bi Mkubwa, kashinda chini ya mgomba mbawa zimelegea, hata pumba hakugusa. Nimefungua daftari la chanjo. Ya mdondo ilikuwa niwadondoshee machoni mwezi uliopita, na tarehe hiyohiyo nimeandika kwa kalamu nyekundu, "kitabu cha mahabusu, ukurasa wa pili". Nimetoka na tochi mara mbili kumtazama. Anahema, lakini hanitazami.