Siku moja na ukuta wa matete, Dunhuang

Saa moja asubuhi na nje bado giza totoro, maana China nzima inatumia saa ya Beijing na sisi tuko Dunhuang, mkoa wa Gansu, magharibi huko, yaani saa inakwambia kumekucha alafu ukichungulia dirishani nyota hizo. Baridi ya mwezi wa kumi huku usiichezee. Supu ya tambi chapchap, tukapanda basi.

Saa tatu bado tuko njiani, Yumenguan, ngome ya lango la kale kwenye Ukuta Mkuu wa China, iko kama kilomita 90 kutoka mjini na kulia kushoto ni changarawe tupu, Mkenya mmoja nyuma yangu akasema hapa hata Mturkana angeomba uhamisho, Waafrika wote kwenye basi tukacheka na wengine wakabaki kutuuliza kuna nini.

Saa nne tukafika kwenye ngome. Ni boksi la udongo wa kushindilia, kila upande mita 25 hivi, kimo karibu mita 10, na kuna walionuna waziwazi maana walitegemea ule Ukuta Mkuu wa kwenye picha. Mwalimu akatuambia mwaka 1907 mwanaakiolojia Aurel Stein alichimba hapa akapata vipande vya mbao vyenye maandishi ya kijeshi, ndo vikamfanya aamini hili ndilo lango la enzi za Han, watawala wa kale wa China.

Saa tano ndo raha yangu mimi mtu wa ujenzi. Kilomita chache mbele kuna kipande cha ukuta chenyewe, kimebaki kama mita 3 kwenda juu, zaidi ya miaka 2,000, na hakuna saruji wala jiwe la kuchonga, ni matete wamelaza, wakamwaga kokoto, matete tena, kokoto tena mpaka juu. Ukiinama pale kwenye uzio unaona mabua yametokeza kabisa, ya njano, utadhani yamekatwa juzi. Chumvi ya ardhini imeshikanisha tabaka na mvua huku ni kama milimita 40 tu kwa mwaka, sasa kioze na nini? Pembeni ya mnara kuna marundo ya matete ya kuwashia ishara, mchana moshi usiku moto, yamekauka yakawa magumu kama mwamba.

Mchana mkate mkavu na tikiti, tuendelee.

Saa tisa Hecang, ghala la nafaka la askari, urefu unazidi mita 130, lipo karibu na majimaji na ukutani wameacha matundu ya hewa juu na chini ili nafaka isivunde. Mi naona hapa pangekuwa kituo cha kwanza, watu wanapigia picha lango wakati bila ghala hakuna askari angekaa jangwani hata wiki.

Saa moja jioni tumerudi mjini, jua ndo linazama. Saa nne usiku naandika ripoti ya uhifadhi: upepo unakula kuta chini kwenye msingi na chumvi inasaidiana nao, chumvi ileile iliyozishika. Kurasa mbili zinatakiwa, moja na nusu nimemaliza na Hecang tu.